Tanga hadi Mtae kwa Noah ya oto, watu saba: gari na abiria waandaliwe vipi?

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, habari za leo. Kuna safari ya familia kutoka Tanga mjini hadi Mtae katikati ya Desemba, kupitia Segera, Korogwe, Mombo, Soni na Lushoto. Gari ni Noah ya petroli, oto, inavuta kwa tairi za mbele. Watu wazima watano, watoto wawili na mizigo ya siku nne. Mmoja wa watu wazima ni bibi wa miaka 74 mwenye presha, na mtoto wa miaka sita hutapika kila gari likianza kukata kona.

Naomba wanaoijua njia waniambie kama Noah inafika au niiache Lushoto nichukue gari jingine. Nikague nini kabla ya kuondoka? Na nitoke Tanga saa ngapi ili giza lisinikute mlimani?

Shambalai

Inafika mkuu, mradi njia iwe kavu. Mtae usiihesabu kwa kilomita, ihesabu kwa saa.

Tanga hadi Mombo ni kama kilomita 135 za lami. Ukiheshimu vibao vya 50 pale Muheza, Hale, Korogwe na vijijini katikati, weka saa mbili na nusu. Segera unakata kulia (kushoto ni Chalinze), Mombo unakata kulia tena, na mlima unaanza hapo hapo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lami, lakini barabara ni nyembamba, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, kona inazaa kona. Weka saa nzima. Anayekuja nyuma na haraka zake mpishe penye nafasi aende.

Safari yenyewe inaanza baada ya Lushoto. Unapanda tena hadi msitu wa Magamba, ambao uko juu kuliko Lushoto, halafu Lukozi na kuendelea, panda shuka, kilomita sitini na kitu hadi Mtae. Sehemu kubwa ni udongo mwekundu. Kukiwa kavu ni saa tatu. Mvua ikinyesha usiweke hesabu yoyote.

Toka Tanga saa 11 alfajiri. Saa 1 na nusu uko Mombo, saa 3 Lushoto. Hapo pumzika si chini ya saa nzima, watu wale wanyooshe miguu. Ukiondoka saa 4 na nusu, unafika Mtae kati ya saa 7 na nusu na saa 8 mchana, jua lipo. Ukichelewa ukafika Lushoto saa 9 alasiri, lala Lushoto. Ukungu wa Magamba ukishuka jioni huoni hata boneti yako, na barabara haina ukingo wa kukuzuia. Waja leo waondoka leo ni ya Tanga mjini, huku juu siyo: usipange kwenda na kurudi siku moja.

Mafuta jaza Mombo, ongeza Lushoto. Ukishaipita Lushoto usitegemee sheli. Na asubuhi ya kuondoka Lushoto nenda stendi uwaulize madereva waliotoka Mtae siku hiyo njia ikoje. Habari ya juzi haikusaidii, kwa sababu Desemba vuli haijaisha na mvua ya usiku mmoja inaporomosha udongo barabarani.

Spana 14

Nyongeza kwa upande wa gari. Watu wengi wanaogopa kupanda. Kupanda gari linakuonya mapema: mshale wa joto unapanda, nguvu zinapungua, unasimama. Linaloua ni kushuka, na linaua siku ya kurudi, watu wamechoka na gari limejaa viazi na plamsi.

Fanya hesabu hii. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000. Gari na watu wake likiwa na tani mbili, mteremko huo unazalisha joto la kuchemsha karibu ndoo tatu za maji za lita 20. Joto hilo lazima liende mahali. Ama linamezwa na injini kupitia gia, ama linaishia kwenye diski na pedi za breki. Ukilibebesha breki peke yake, pedi zinapata moto hadi zinateleza juu ya diski, na joto linapenya hadi kwenye oili ya breki.

Hiyo oili ndiyo inayosahauliwa. Inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga inavyobeba maji mnaijua. DOT 3 (daraja la oili ya breki, huandikwa kwenye chupa) ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya. Ikichemka inatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyezeka, kwa hiyo unakanyaga na pedali inazama hadi chini bila gari kushika. Fungua kopo la oili ya breki leo: ikiwa rangi ya chai ya rangi, usiende nayo. Hata ikiwa safi, imezidi miaka miwili, badilisha. Nunua lita moja ya DOT 4 iliyofungwa, si chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya fundi. Toa hewa kwa kawaida ukianza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki, chini ya kopo la oili), na usiache kopo likauke katikati ya kazi, utaanza upya.

Pedi za mbele zikiwa chini ya milimita 3 weka mpya, na uziweke wiki moja kabla ili zikae vizuri kwenye diski. Nyuma kama ni ngoma, mwambie fundi afungue kabisa. Asikuambie "ziko poa" kwa kusikiliza. Silinda ndogo za nyuma zinavuja taratibu na zinalowanisha viatu vya breki bila wewe kujua.

Mengine kwa kifupi: feni ya rejeta iwake, mfuniko wa rejeta uwe na mpira mzima, kulanti (maji ya dawa ya kupooza injini) iwe kulanti kweli na si maji ya bomba. Oili ya giaboksi iangalie gari likiwa la moto na linanguruma kwenye P. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, tatizo lipo tayari na mlima utalimalizia. Spea tairi iwe na upepo, jeki ifike chini ya gari lililozama kidogo (beba kipande cha ubao cha kuiwekea), na wili spana ijaribu kwenye nati zote kabla hujatoka nyumbani.

Mtoto wa Chumbageni

Asante sana. Swali dogo: oto hii ina D, 2 na L (gia ya kawaida, ya pili na ya chini kabisa). Wakati wa kushuka nitumie ipi? Na wapo wanaosema ukiweka frii (gari likiwa halina gia) kwenye mteremko unaokoa mafuta.

Suka wa Mbogamboga

Hao wa frii usiwasikilize hata kidogo. Gari la injeksheni likishuka kwenye gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, nozeli zinazonyunyiza petroli zinafungwa na injini haili petroli. Ukiweka frii ndipo inaanza kunywa ili isizime. Kwa hiyo unapoteza mafuta na unapoteza breki ya injini kwa pamoja. Kuzima ufunguo ni kubaya zaidi: stelingi inakuwa nzito na buta ya breki (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga) inaisha nguvu baada ya kukanyaga mara mbili tatu.

Kutoka Lushoto weka 2 kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Tembea kilomita 25 hadi 35 kwa saa. Injini italia, iache ilie, haiumii. Pale Soni kushuka Mombo penye kona kali, punguza hadi chini ya 20 ndipo utie L. Usitie L ukiwa na mwendo mkubwa, tairi za mbele zitashtuka.

Breki usiilalie. Gari likifika 35, kanyaga kwa nguvu ya wastani hadi 20, achia kabisa, pedi zipate hewa. Ukilalia kidogo kidogo njia nzima unazioka. Harufu kali kama ya plastiki iliyoungua ikiingia dirishani, tafuta sehemu pana usimame dakika 20 au 30. Ukisimama weka P na kigingi au jiwe nyuma na mbele ya tairi, hendibreki usiivute ngoma zikiwa za moto. Usimwagie maji, diski inapinda na utaisikia stelingi ikitetemeka hadi Tanga. Na jiwe ukiondoka litoe barabarani, tafadhali. Mawe ya namna hiyo yanapasua tairi za watu usiku.

Pedali ikizama: pampu haraka haraka, tia L, vuta hendibreki kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe ili uweze kuiachia, na ukilazimika kugusa kitu basi gusa ukuta wa mlima, kamwe usikimbilie upande wa korongo.

Honi piga kabla ya kila kona isiyoonekana. Malori ya mboga yakikata kona yanachukua barabara nzima. Mkikutana pembamba, anayeshuka ampishe anayepanda, kwa sababu mwenye mzigo akisimama kwenye mlima kuondoka tena ni kazi.

Sasa tope. Noah ya kuvuta mbele ikipanda, uzito unahamia nyuma, tairi za mbele zinabaki nyepesi na kuzunguka bure. Kwa hiyo mizigo mizito usiirundike kule nyuma kabisa, ilaze chini ya viti vya katikati. Mahali pa utelezi shusha watu kwanza, wapande kwa miguu. Tairi zishushe hadi psi 22 au 24, pita taratibu bila kuachia mafuta ghafla, halafu ujaze tena kwa pampu ya umeme kabla ya kukimbia. Tairi zikianza kuzunguka, acha hapo hapo. Kila sekunde ya kukoroga inakuchimbia shimo. Rudi nyuma mita chache, tandaza mawe madogo au matawi yaliyoanguka, jaribu tena. Jembe dogo na kamba ya kuvutia viwemo garini.

Mvua ikikukuta, simama ilipo sehemu ngumu na usubiri. Jua la saa mbili tatu linaubadilisha kabisa ule udongo.

Dawa ya Kona

Kwa mtoto: akae safu ya katikati mahali anapoona mbele kupitia kioo, si nyuma kabisa, na asishike simu wala kitabu kuanzia Mombo. Kinachomtapisha ni macho kuona kiti kimetulia huku sikio la ndani linahisi gari linayumba. Asubuhi ale kidogo tu, kipande cha mkate au muhogo wa kuchemsha, asinywe maziwa wala vitumbua vya mafuta. Fungua dirisha kidogo, tangawizi mbichi kipande kidogo atafune akiiweza. Dawa ya kuzuia kichefuchefu muulize mfamasia kipimo cha umri wake, na anywe mapema mkiwa bado tambarare, yaani Korogwe, kwa sababu ikianza kutapikwa haifanyi kazi. Dawa hizo zinaleta usingizi, kwa hiyo dereva asiziguse. Mifuko isiyovuja iwe mkononi mwa anayekaa naye, isiwe kwenye buti.

Kwa bibi: dawa za presha anywe kama kawaida. Wazee wengine huacha kile kidonge kinachokojoza kwa kuogopa kumsumbua dereva, asikiache bila kumuuliza daktari wake. Mwambieni mapema kwamba mtasimama Segera, Mombo, Soni na Lushoto, ataelewa hana sababu ya kujibana. Kila kituo atembee dakika tano, miguu isivimbe. Anywe maji kidogo kidogo, na mpeni kiti cha mbele ikiwezekana, pale mtu harushwi sana. Masikio yakiziba wakati wa kupanda, ameze mate au atafune pipi.

Sweta na kanga nzito zikae juu ya mizigo yote. Mtu anayetoka kwenye joto la Tanga anafika Magamba anatetemeka, na kufungua mabegi kwenye ukungu ni usumbufu.

Spana 14

Kuhusu joto la injini wakati wa kupanda, maana sikulisema: AC izimwe kuanzia Mombo. Mshale ukipita katikati, washa hita ya ndani hadi mwisho na feni yake, fungua madirisha, tafuta pa kusimama. Injini usiizime papo hapo, iache inguruma dakika mbili tatu feni ipulize, isipokuwa mshale umegonga juu au kulanti inamwagika, hapo zima mara moja. Mfuniko wa rejeta usiguse kabla ya dakika 40. Beba lita 5 za maji safi kwa ajili hiyo, mbali na ya kunywa.