Jini wa riwaya apimwe kwa kipimo gani?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Kila nikisoma uhakiki wa riwaya yenye jini, mzimu au mfu aliyefufuka, nakutana na wahakiki wa aina mbili. Yuko wa darasani: akimwona jini tu, keshasema "anaashiria ukoloni mamboleo", maksi zimeingia, twende dhamira inayofuata. Na yuko wa mimbarini: kitabu kinafundisha ushirikina, kiondolewe shuleni. Jini mwenyewe hakuna aliyemtazama.

Msimamo wangu: jini apimwe kwa sheria za hadithi yake. Chukueni *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert (1952). Adili, mtawala wa Janibu, huwachapa manyani wawili kila usiku. Manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa ubaya waliomtendea Adili. Anawachapa kwa amri ya jini, si kwa kupenda, na kila fimbo inamuuma yeye. Kisa chenyewe kina asili katika *Alfu Lela Ulela*, ambako waliogeuzwa ni mbwa. Hapo ndipo pa kuhakiki: uchawi wa kitabu hiki una gharama, na anayeadhibu anailipa sawa na anayeadhibiwa. Lakini tunachoandikiwa miaka yote ni "wivu haufai".

Kipimo hichohicho ndicho kinachotoa hukumu kwa simulizi za simuni, zile za "sehemu ya 14, itaendelea, tuma hela upate zote". Wahakiki wetu hawazigusi kabisa, na ndizo watu wanazosoma kwenye daladala. Nimesoma moja: mwanzoni tunaambiwa jini mahaba haingii nyumba iliyomwagwa chumvi kizingitini. Huku mbele, chumvi ipo palepale, jini kakaa sebuleni anakunywa chai. Hakuna maelezo! Huo ni uvivu wa mwandishi, na ushirikina hauhusiki.

Karibuni tupingane.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, walimu unatuonea. *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed utaisomaje bila ishara? Mhusika mkuu, aitwaye K, ni mkubwa aliyeshiba madaraka, babu yake aliyekufa anamtokea na kumtembeza aone uozo aliouchangia. Ukiniambia huyo ni mzuka tu wa kutishia watoto, nitakushangaa. Halafu mtihani hauulizi kama uliogopa.

Mleta mada:

Mwalimu, ishara ipo, sikatai. Ila ni kwa sababu babu yule kwanza anamkosesha K usingizi. Mzuka usiotisha hauashirii kitu. Tena *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla (1960) inakwenda kinyume: watu wanamtupia mzimu lawama za mauaji, mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko chake na kumtafuta muuaji mwenye damu na nyama. Mwandishi angetutolea mzimu wa kweli ukurasa wa mwisho, angekuwa ametudhulumu. Ndiyo maana nasema sheria za hadithi.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu zangu, mnazungumza kama kwamba sote tunaanzia mahali pamoja. Mimi ni mtu wa Pemba. Qur'ani ina sura nzima ya Majini, ya 72. Kwangu jini ni kiumbe kama wewe, tofauti yake hatumwoni. Sasa mhakiki akiandika "riwaya ya njozi" kwa sababu tu ina jini, kwangu ameshakosea kabla hajafungua kitabu. Na huyo wa mimbarini msimbeze, hofu yake si kwamba jini ni uongo. Anaogopa vijana watajifunza kumwita.

Mleta mada:

Dada, hoja nzito hiyo, lakini inanipa nguvu zaidi. Anayejua majini ndiye wa kwanza kugundua jini aliyebuniwa ovyo. Wewe ukihakiki ile ya chumvi, mwandishi hatatoka salama. Ninachokataa ni kitabu kufungiwa kabla mtu hajasema kimeandikwaje. Na hilo jina la "njozi", kama halikufai, mhakiki alitaje kundi hilo vingine. Tusikwame mlangoni.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi si msomi. Nikisoma uhakiki nataka kujua mambo mawili: kinatisha? Mwisho wake unaridhisha? *Bina-Adamu!* ya Wamitila ninayo hapa kitandani, nimekwama katikati, na kila ninayemuuliza kama niendelee ananiambia inahusu utandawazi.