Shotigani na mvua za Tabora: Ballistol, mafuta ya cherehani au spreyi?

Mtu wa Kanyenye
Wakuu, heshima kwenu. Nina shotigani ya kizamani, nzuri sana, ya kuwindia kanga na kwale. Mvua zimeanza na tayari naona vidoa vya kutu. Kuna jamaa anarudi kutoka Dar Ijumaa. Nimwagize Ballistol, yale mafuta ya bunduki ya Kijerumani, au ninunue tu mafuta ya cherehani hapa sokoni? Dukani wananiambia spreyi ya kulegezea nati inatosha. Ipi bora?

Uyui Porini
Swali nusu hili. Mtutu mmoja au miwili? Ya nchi gani? Kutu iko nje au ndani ya mtutu? Na kibali kina jina lako? Kama umeirithi, bunduki ya urithi si baiskeli ya urithi, polisi lazima wajue.

Mtu wa Kanyenye
Kibali kipo kwa jina langu, mkuu. Mitutu miwili ya sambamba, ya Uingereza. Kutu iko nje, karibu na mbao. Mengine sijui.

Cherehani Tosha
Cherehani. Mepesi, bei ndogo, yapo kila duka. Tone moja kwenye bawaba, futa mitutu kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kazi imekwisha. Hao wa Ballistol wanapenda tu harufu ya Ujerumani.

Ujiji Mashariki
Kwenye bawaba nakubali. Ila kwenye mitutu ni mepesi mno, yanatiririka na kuacha chuma kitupu. Ballistol ipo tangu 1904, haidhuru mbao wala ngozi. Spreyi ya nati kazi yake ni kufukuza maji: umenyeshewa porini, puliza, futa, kisha paka mafuta yenyewe. Ukiiacha ndani ya mitambo msimu mzima inabaki utando unaonata. Sisi huku ziwani kutu tunaijua.

Cherehani Tosha
Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya kula bunduki.

Ujiji Mashariki
Nani kataja chumvi? Chumvi ipo Uvinza. Unyevu peke yake unatosha.

Mzee wa Kwale
Mnabishania mafuta wakati hatari iko kwa fundi. Shemeji yangu alikuwa na mitutu miwili kama hiyo, rangi imefifia. Akampa fundi mmoja, mji siutaji, airudishie weusi wake. Fundi alizoea raifo. Akaichemsha mitutu kwenye dawa kali ya chumvi, ile ya joto la zaidi ya maji yanayochemka. Raifo haina shida na hilo. Lakini mitutu miwili ya kizamani imeshikanishwa kwa lehemu laini ya madini ya risasi na bati, pamoja na ule utepe wa chuma wa katikati, na dawa ile inaila lehemu. Ikarudi inang'aa, shemeji akatutembeza nayo kijiji kizima. Msimu uliofuata utepe ukaanza kuinuka, chini yake unga mweupe na kutu tupu. Dawa ilikuwa imejificha humo. Fundi alipoulizwa akasema bunduki ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na hela hakurudisha. Hadi leo imelala kabatini.

Kwa hiyo mleta mada: vua mitutu, itundike kwa kamba kwenye lile jino la chini, igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, salama. Ikitoa mlio wa kukwaruza, usiifyatue.

Uyui Porini
Na asome alama za chini ya mitutu. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza chumba chake cha risasi ni cha urefu wa mm 65. Risasi ya mm 70 inaingia vizuri tu kwa sababu bado mdomo wa risasi umekunjwa. Ikifyatuka mdomo unafunguka, unakosa nafasi, shinikizo linapanda. Hayo ndiyo ya kuuliza kabla ya mafuta.

Mtu wa Kanyenye
Shikamoo mzee. Nimegonga, imelia vizuri nadhani. Alama ni ndogo, nitaweka picha. Kwa hiyo Ballistol niagize au nisiagize?

Asali ya Sikonge
Mbao paka mafuta ya kitani, kidogo kidogo kwa kiganja, ikikauka pitisha nta ya nyuki. Bunduki usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi, unashika unyevu. Na isimame mdomo chini, la sivyo mafuta yanashuka kwenye mbao, inalainika pale inapokutana na chuma. Nta chukua Sikonge.

Ujiji Mashariki
Ya Kibondo ni safi zaidi.

Asali ya Sikonge
Kibondo! Niliyouziwa mara ya mwisho ilikuwa imechanganywa na mshumaa. Nta ya kweli ukiifinyanga kiganjani inalainika, ya mshumaa inateleza tu.

Ujiji Mashariki
Uliuziwa na nani, stesheni? Wale wachuuzi wa kwenye treni si Kibondo.

Cherehani Tosha
Mwenye kilo mbili za nta hapa Tabora mjini aseme bei. Si ya bunduki, nina jirani mshona viatu anaitafuta.