"Don't" ni neno moja ao mbili?

Bandugu ba Bukavu, mwalimu alisema tuandike maneno 100 ya Kiingereza, miye nikahesabu yangu na kompyuta nikapata 97, yeye akahesabu ileile akapata 103, juu ya nini? Niko na ba don't na it's sita.

— Njo hizo sita! Kompyuta inahesabia nafasi, don't inahesabiwa neno moja. Kwa grama ni mbili, do na not, zimeshikana tu.

— Na aina za maneno ya Kiingereza ziko ngapi? Siye tulikaririshwa nane.

— Vitabu vingine vinaweka a na the pembeni, inakuwa tisa. Lakini angalia kazi ya neno ndani ya fraze: ndani ya I drink water, water ni jina, ndani ya I water the flowers ni kitendo, water ileile.

— Kumbe! Narudia kuhesabu.