Daktari wa ngozi Nairobi: Kenyatta, hospitali ya binafsi au kliniki ya urembo?

MamaNeema_Umoja
Wapendwa, naomba mnisaidie kupima. Binti yangu yuko sekondari na chunusi zimemkaa usoni na mgongoni tangu mwaka jana. Zikipona zinaacha madoa meusi, na sasa hataki kupigwa picha wala kwenda kanisani. Nimeulizia huku na huku nikapata njia tatu. Kwanza kliniki ya ngozi pale Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta: bei ni nafuu, lakini naambiwa foleni ni ndefu. Pili daktari bingwa wa hospitali za binafsi, Parklands au kule barabara ya Argwings Kodhek: kumwona tu ni zaidi ya elfu tatu, dawa bado. Tatu kliniki ya urembo karibu nasi, wana mashine na ofa ya kusafisha uso kila mwezi. Bima ya baba yake inalipia wagonjwa wa nje, ila kwa kiwango. Nyinyi mliopita huko, mngeanzia wapi?

Wanjiku_Ruaka
Hiyo ya tatu iondoe kwanza. Kusafisha uso hakutibu chunusi za mgongoni, na akikamuliwa vibaya madoa yanazidi. Ukitaka kuhakikisha, mwulize anayekuhudumia amesomea nini na amesajiliwa na nani. Maneno "mtaalamu wa ngozi" mtu yeyote anaweza kuyaandika kwenye bango.

NesiWaZamu
Mama Neema, pole. Mwambie binti kwanza kwamba hizo chunusi hazitokani na uchafu. Ni ugonjwa na unatibika.

Kabla ya kulinganisha hospitali, linganisha watu. Ukipewa jina la daktari, litafute kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari. Angalia mambo mawili: kama leseni yake ni ya mwaka huu, kwa sababu hutolewa upya kila mwaka, na kama anatambuliwa kuwa bingwa wa ngozi au ni daktari wa kawaida. Kwa chunusi nyepesi daktari wa kawaida anatosha kabisa, ila usimlipe bei ya bingwa.

Siku ya kwenda, asipake poda wala mafuta usoni. Beba kila kitu anachopaka, hata sabuni na mafuta ya nywele, utie kwenye mfuko uvimwage mezani kwa daktari. Nasisitiza mafuta ya nywele kwa sababu yale mazito huteremka kwenye paji la uso na kuziba vinyweleo. Utaona chunusi ndogondogo zimejipanga kufuata mstari wa nywele, na hapo kubadilisha mafuta ni sehemu ya tiba.

Daktari makini atataka kuuona mgongo, si uso pekee. Atauliza kama hedhi yake inakuja kwa mpangilio, kwa sababu chunusi sugu wakati mwingine zinaendana na matatizo ya homoni. Kisha mwulize matokeo yataonekana lini. Akikuahidi wiki moja, chukua mkoba wako uondoke. Dawa za kupaka kama adapalene na benzoyl peroxide huhitaji wiki 8 hadi 12, na mwanzoni ngozi hukauka na kuwasha. Wengi huziacha hapo, wanasema daktari hajui kazi. (Benzoyl peroxide hupausha nguo, mpe foronya na taulo nyeupe.)

Achieng_K
Mimi naitetea Kenyatta. Mdogo wangu ana soriasisi, ule ugonjwa sugu wa ngozi wa mabaka yenye magamba, na anatibiwa huko. Madaktari wa pale wanaona ngozi kama zetu kutwa nzima, na kesi ngumu kutoka kaunti zote zinaishia kwao. Hilo si jambo dogo: uvimbe ambao kwa Mzungu unaonekana mwekundu, kwetu unaweza kuwa wa zambarau, kahawia au kijivu, na asiyezoea anaupita tu.

Lakini usiende hivi hivi. Ile ni hospitali ya rufaa, ngazi ya 6 ambayo ndiyo ya juu kabisa, kwa hiyo anzia kituo cha afya cha karibu upate barua. Na usitegemee SHA, bima ya afya ya serikali, kama wengi wanavyodhani. Kwa wagonjwa wa nje, huduma ya bure iko kwenye vituo vya ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya. Kliniki ya bingwa na dawa, jipange kulipa. Ubaya wake mwingine ni kwamba daktari wa leo huenda asiwe wa kliniki ijayo, unaanza kueleza upya.

Mutua_Donholm
Achieng, kwa soriasisi nakubali, ile ni safari ya miaka. Kwa huyu binti ningelipa bingwa wa binafsi mara moja, nipate jina la ugonjwa kwa maandishi na dawa zilizoandikwa kwa jina la kemikali, si la kampuni, ili ninunue ya bei nafuu kwenye duka la dawa. Marudio nafanyia kwa daktari wa kawaida. Mama Neema, ipigie bima simu leo: je, wanataka barua ya rufaa? Je, chunusi wanaihesabu kuwa ugonjwa au urembo? Jibu la pili ndilo litakaloamua.

Salim_Eastleigh
Hamjataja maafisa wa kliniki (clinical officers) waliosomea ngozi. Wengine wamepitia kile chuo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kinachofundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika. Wanatibu chunusi, ukurutu, mapunye na upele kila siku, na gharama yao iko chini. Leseni zao ziko kwenye baraza lao, si KMPDC, kwa hiyo usipoona jina kule usidhani ni tapeli.

MamaNeema_Umoja
Asanteni sana. Nimepekua meza yake nikakuta tyubu imeandikwa clobetasol, na kopo lisilo na lebo alilonunuliwa na shangazi yake mjini. Anasema uso ulitakata mwanzoni, kisha ukarudi vibaya zaidi.

NesiWaZamu
Hapo umepata jambo kubwa. Clobetasol ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, na ni kali mno. Ikipakwa usoni kwa muda huifanya ngozi kuwa nyembamba, na yenyewe huleta chunusi. Hilo kopo asiliguse tena, baadhi ya michanganyiko hiyo ina zebaki, na zebaki huharibu figo. Lakini usilitupe, lipeleke kwa daktari. Steroidi ikiachwa ghafla uso unaweza kuvimba na kuwaka, kwa hiyo namna ya kuiacha mpangiwe na daktari.

Kwa hali hii nabadilisha ushauri: mwende kwa bingwa, wa Kenyatta au wa binafsi, yule mtakayemwona mapema zaidi. Na akitajiwa vidonge vya isotretinoin, ingia chumbani pamoja naye. Ni dawa nzuri kwa chunusi kali, ila humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo daktari lazima azungumze wazi na binti kuhusu mimba na vipimo vya damu. Asiyezungumza hayo, msinunue dawa yake.

MamaNeema_Umoja
Bima wamenijibu: wanataka barua ya rufaa, na chunusi wanalipia. Kesho asubuhi tunaanzia kituo cha afya, na mfuko wa makopo nimeshaufunga.