Fao la kukosa ajira Marekani: ofisi ikichelewa kugundua malipo ya ziada, deni abebe nani?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, swali ninalolileta ni hili. Mtu aliyeachishwa kazi akalipwa fao la kukosa ajira kupita kiasi, bila nia ya kudanganya, kisha ofisi ya jimbo ikakaa mwaka au miaka miwili kabla ya kumwambia, je, alazimishwe kuzirudisha fedha hizo, au deni lifutwe bila yeye kuomba? Msimamo wangu ni kwamba lifutwe, nami nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia.

Dada mmoja wa hapa tunapoishi, mzaliwa wa Uvira, alikuwa akisafisha vyumba hotelini. Hoteli ilipofunga milango mwezi wa Aprili 2020, aliomba fao akakubaliwa, na jimbo likampangia dola 198 kwa wiki. Juu yake ziliongezwa dola 600 za serikali kuu chini ya CARES, sheria ya msaada wa wakati wa janga la korona, iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020. Mwezi wa Juni hoteli ilimwita tena kwa saa 17 kwa wiki, dola 12 kwa saa. Kila Jumapili jioni alijaza fomu ya wiki kwenye simu, na palipoulizwa amepata kiasi gani, aliandika 171, kwa sababu ndizo zilizoingia benki. Fomu ilitaka 204, yaani malipo kabla ya makato. Nimekishika mkononi kikaratasi chake cha mshahara: 204 imeandikwa juu kwa herufi ndogo, na 171 iko chini kabisa kwa wino mzito. Anayehesabu kodi ya nyumba hutazama ile ya chini.

Tofauti ni dola 33. Hata hivyo, kwa sheria ya jimbo hilo, mtu ambaye kipato chake cha wiki kimefikia fao lake hahesabiwi kuwa amekosa ajira wiki hiyo, na 204 imeipita 198. Dola 66 za fao lililopunguzwa, alizolipwa na jimbo kila wiki, zikawa si haki yake, na kwa kuwa zile 600 zilimfuata tu mtu mwenye haki ya walau dola moja ya fao, nazo zikawa si haki yake. Kwa wiki saba, deni likafika dola 4,662. Barua ya kumdai ilitoka mwezi wa Machi 2022, ikaenda kwenye nyumba aliyokwisha kuihama, na ilipomfikia, siku 20 za kukata rufaa zilikuwa zimebaki tisa.

Naomba tulitazame jambo moja kwa makini, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo. Mwajiri Marekani hupeleka jimboni taarifa ya mishahara ya wafanyakazi wake kila robo mwaka. Mshahara wa Juni 2020 ulipaswa kufika ofisini mwishoni mwa Julai, na ule wa Julai mwishoni mwa Oktoba. Maana yake ni kwamba ofisi iliyompa huyu dada siku 20 za kujitetea ilikuwa imekaa na ushahidi wote mezani kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Yeye akichelewa siku moja, hupoteza haki yake ya kusikilizwa, isipokuwa aonyeshe sababu nzito, ilhali ofisi ikichelewa miezi 17 haipotezi chochote. Mimi siuoni uhalali wa muda unaombana mnyonge peke yake.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, shikamoo, na pole kwa huyo dada. Naheshimu huruma yako, lakini siwezi kukubaliana na kufuta deni kiholela.

Kwanza, fedha hizi zina mwenyewe. Mfuko wa fao katika kila jimbo hujazwa hasa na kodi wanazotozwa waajiri, na mfuko ukipungua, kodi hupanda kwa wote, wakiwemo ndugu zetu wenye maduka na kampuni ndogo za malori. Pili, hatuwezi kujifanya hatukuona kilichotokea wakati ule. Ofisi ya Ukaguzi wa Serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2023 kwamba udanganyifu katika fao la kukosa ajira wakati wa janga ulikuwa kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135. Magenge yaliomba kwa majina ya wafu na ya wafungwa. Ukisema deni lifutike lenyewe baada ya muda fulani, utakuwa umemwambia mwizi kwamba kazi yake ni kujificha hadi siku hiyo ifike.

Tatu, na hili nalisema bila kumkusudia dada yetu, fomu ya wiki hutiwa saini kwa ahadi kwamba yaliyojazwa ni kweli. Hajadanganya, naamini, lakini amekosea, na kosa lilianzia kwake, si ofisini. Mimi mwenyewe nilikuwa dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu, nikalipwa wiki mbili nisizostahili, nikazirudisha kwa awamu za dola 75 kwa mwezi huku nikifunga mkanda. Leo mwenzangu asamehewe kwa sababu tu barua yake ilichelewa kuliko yangu? Haki iko wapi hapo?

Mchangiaji wa pili

Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili na Kinyarwanda kwa miaka kadhaa, na nimekaa na watu wengi wakati wa kusikilizwa kwa rufaa zao kwa njia ya simu. Sitaki kuegemea upande mapema, lakini naona kuna mambo mawili yanayochanganywa, na kuchanganywa kwake ndiko kunakowaponza watu wetu.

Rufaa ni kusema: sidaiwi, au sidaiwi kiasi hicho. Kuomba kusamehewa ni kusema: ndiyo, nililipwa zaidi, lakini kosa si langu na kunidai ni kunionea. Hizo ni njia mbili tofauti, kila moja ina fomu yake na tarehe yake. Katika majimbo mengi barua nazo huwa mbili: ya kwanza inasema hukustahili wiki fulani na sababu yake, ya pili inataja kiasi unachodaiwa. Watu huiona ile yenye tarakimu kubwa, wakaikatia rufaa hiyo peke yake, na ile ya sababu ikaachwa hadi muda wake ukaisha. Siku ya kusikilizwa ikifika, mwamuzi husema kwa upole kwamba suala la kustahili limekwisha kufungwa, na kilichobaki ni kuhakiki hesabu tu. Nimetafsiri sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara upande wa pili wa simu hunyamaza.

Fomu ya msamaha nayo ina mitego yake. Huuliza kipato cha mwezi, kodi ya nyumba, gari, umeme, chakula. Katika zile nilizozisoma, sikuona mahali pa kuandika dola 150 ambazo mtu hutuma kila mwezi kwa mama yake Bukavu au Kigoma. Akiziacha nje, anaonekana ana ziada. Akizitaja pembeni, anaogopa kuulizwa kwa nini ana fedha za kutuma. Wengi pia huogopa kwamba kuomba msamaha kutaharibu mambo yao ya uhamiaji. Fao la kukosa ajira ni bima inayotokana na kazi aliyoifanya mtu, halimfanyi ahesabiwe kuwa mzigo kwa serikali, na kuomba msamaha si kukiri udanganyifu. Kinachoweza kumletea mtu taabu ni kuacha neno "udanganyifu" likae kwenye jalada lake bila kujibiwa.

Mwanzisha mada

Marahaba, ndugu mchangiaji wa kwanza, nami nakushukuru kwa kuniambia wazi. Dada mkalimani, umenifundisha, kwa sababu dada yetu wa Uvira aliangukia hapo hapo: alikata rufaa dhidi ya barua ya kiasi na kuiacha ya sababu.

Nianze na wizi. Sijasema aliyeiba asamehewe. Sheria za Marekani tayari zinamtenga mdanganyifu: hutozwa juu ya deni adhabu isiyopungua asilimia 15, hawezi kusamehewa, na serikali kuu inaweza kuzikamata fedha zake za marejesho ya kodi. Ugumu uko katika kujua nani ni mdanganyifu, na hapo ndipo Michigan inapaswa kutufikirisha. Kati ya mwaka 2013 na 2015 jimbo hilo liliiachia programu ya kompyuta iitwayo MiDAS kazi ya kuamua nani amedanganya. Watu wapatao 40,000 waliandikiwa kwamba ni wadanganyifu, na adhabu iliweza kufika mara nne ya deni. Jimbo lenyewe liliporudi kupitia kesi zaidi ya 22,000 ambazo mashine iliziamua peke yake, likakuta kwamba takriban asilimia 93 hazikuwa na udanganyifu wowote. Watu walikamatiwa mishahara na marejesho ya kodi, na wapo waliofilisika. Mwaka 2022 jimbo lilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza shauri lao, miaka saba tangu walipofungua kesi. Kwa hiyo mtu akiniambia tubane ili kukamata magenge, namuuliza kwanza wavu huo utawanasa akina nani. Magenge yaliyoomba kwa majina ya wafu hayana anwani ya kupelekewa barua ya deni, bali dada wa Uvira anayo.

Sasa nije kwenye hoja yako nzito zaidi, ile ya waliokwisha kulipa. Nilipoisoma nilisita, kwa sababu ni ya haki kabisa. Lakini jibu lake tayari limo katika maelekezo ya Wizara ya Kazi ya Marekani ya mwaka 2021, yaliyoongezewa mwezi wa Februari 2022: jimbo likisamehe malipo ya ziada ya mipango ile ya janga, sharti limrudishie mhusika kile lilichokwisha kukusanya kwake. Zile dola 75 zako za kila mwezi, ndugu yangu, kama wiki zako mbili zilitokana na kosa lisilo lako, ulistahili kurudishiwa. Huoni kwamba uchungu wako unaunga mkono hoja yangu? Ulifunga mkanda kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba kuna mlango. Sheria ya CARES iliruhusu msamaha kwa zile dola 600 tangu mwanzo. Kwa fao la watu waliojiajiri, kama wewe dereva, ruhusa ilikuja baadaye, kwa sheria ya tarehe 27 Desemba 2020. Zote mbili zilisema jimbo "linaweza" kusamehe, hazikulilazimisha. Jimbo moja likafungua mlango, jirani yake likaufunga, na mfanyakazi akapata haki au akaikosa kwa kutegemea amepanga nyumba upande gani wa mto.

Unasema kosa lilianzia kwake. Nakubali kwamba tarakimu aliiandika yeye. Lakini kipimo cha msamaha katika sheria hizo kina sehemu mbili: malipo yasiwe yametokana na kosa la aliyelipwa, na kumdai kuwe kinyume cha haki na dhamiri njema. Mtu aliyeulizwa kwa Kiingereza "umepata kiasi gani", akaandika kile alichokipata kwa ukweli wote, wiki saba mfululizo, bila mtu kumwambia neno, mimi siwezi kumwita mkosaji. Angekuwa amesahihishwa wiki ya pili, wiki tano zilizofuata zisingekuwapo kwenye deni.

Hapo ndipo ucheleweshaji unapoacha kuwa usumbufu tu na kuwa sehemu ya kosa lenyewe. Marekani inajua kuipangia ofisi muda inapotaka. Kuna kipimo cha serikali kuu kwamba asilimia 87 ya malipo ya kwanza yatoke ndani ya siku 14 au 21, kutegemea jimbo, na kwamba asilimia 60 ya rufaa za ngazi ya kwanza ziamuliwe ndani ya siku 30. Wakati wa janga majimbo mengi yalivikosa vipimo hivyo kwa mbali, na aliyeumia alikuwa mwombaji. Alabama ilifika mahali pa ajabu zaidi: wafanyakazi waliolalamika mahakamani kwamba madai yao hayashughulikiwi waliambiwa na mahakama kuu ya jimbo kwamba hawawezi kushtaki ucheleweshaji mpaka wamalize kwanza taratibu zile zile zinazocheleweshwa. Tarehe 21 Februari 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Williams dhidi ya Reed, ilikataa jambo hilo kwa kura tano dhidi ya nne. Tano kwa nne! Hivyo ndivyo ilivyokuwa karibu ofisi kupewa kinga dhidi ya uzembe wake yenyewe.

Kuhusu mfuko, sidharau kodi ya mwenye duka. Lakini dola 600 katika kila wiki ya dada yetu hazikutoka kwenye mfuko wa waajiri, zilitoka serikali kuu, na hazikutumwa Uvira wala kufukiwa. Zililipa kodi ya nyumba ya Julai 2020, ambayo mwenye nyumba aliipokea na kulipia kodi zake. Kumdai leo ni kumtaka alipe mara ya pili mwezi ambao amekwisha kuuishi.

Pendekezo langu nalitaja sasa kwa ukamilifu ili lipimwe. Ofisi ipewe mwaka mmoja tangu siku ilipopokea taarifa ya mshahara kutoka kwa mwajiri. Ikishindwa kumwandikia mhusika ndani ya mwaka huo, na ikiwa hakuna binadamu, narudia, binadamu, aliyechunguza na kuthibitisha udanganyifu, deni lifutwe bila fomu, na kilichokatwa kirudishwe. Ndugu mchangiaji wa kwanza, kama unaona mwaka mmoja ni mfupi mno, taja wako. Lakini taja idadi ya siku, kama barua ya dada yetu ilivyomtajia zake 20.