Foleni ya Mbalizi hadi Uyole: tusubiri njia nne, au tudai treni ya TAZARA?

Mama Sare (Mbalizi)
Wadau, habari za leo. Naishi Mbalizi, nje kidogo ya Jiji la Mbeya, cherehani zangu ziko Mwanjelwa, mjini. Barabara yangu ndiyo hiyo hiyo ya semitrela za Zambia na Kongo, ya daladala, bajaji na wenye viazi. Lori moja likizimika Mlima Iwambi, mji wote umesimama. Juzi tulilikuta kwenye kilima, utingo kaweka jiwe nyuma ya tairi, dereva kalala uvunguni, foleni nyuma yao haina mwisho. Tukashuka tukapanda mlima kwa miguu, mimi na furushi la sare za shule zilizokuwa zinasubiriwa asubuhi ile.

Najua njia nne za Nsalaga, pale Uyole, hadi Ifisi, jirani na Mbalizi, kilomita 29, zinajengwa. Nashukuru kwa hilo. Lakini Dar walianzishiwa treni za abiria za mjini Oktoba 2012, zile za Mwakyembe, ambaye wakati ule alikuwa Waziri wa Uchukuzi na mbunge wa Kyela huku huku kwetu. Moja ilipita kwenye reli hii hii ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia inayopita hapa Mbeya, hadi Mwakanga kule kule Dar. Sisi tunashindwa nini?

Mstaafu wa Reli
Mama, hoja yako ni nzito, nami reli imenilea. Ila angalia stesheni yetu ya Mbeya ilipo: Iyunga. Ukishuka pale na furushi lako, bado utatafuta bajaji ya Mwanjelwa kwenye barabara ile ile. Halafu njia ni moja. Treni hupishana stesheni tu. Ya mizigo ikichelewa huko mbele, ya abiria inaingojea, na abiria wa kazini hangoji mara mbili, anarudi kwenye daladala.

Kinachoniuma mimi ni mizigo. Reli hii ina kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haijawahi kuzifikia. Shaba ya Zambia iliyojengewa reli ndiyo hiyo mnayoiona imefungwa minyororo juu ya malori pale Iwambi. Mzigo ukirudi kwenye behewa, nawe utafika kazini mapema bila kupanda treni.

Dereva wa Kosta
Mzee umenena. Lakini msiidharau barabara, wakuu. Sasa hivi nikishusha abiria nasimama njiani maana pembeni hakuna nafasi, na wote walio nyuma yangu wanasimama nami. Njia nne zije na vituo vilivyoingia ndani, na bajaji zipewe pa kupita. Bila hivyo njia ya pili itageuka maegesho.

Kijana wa Soweto
Barabara peke yake haitoshi. Kule Houston, Marekani, Katy Freeway ilimaliza kupanuliwa 2008, mahali pengine ikafika njia 26 ukihesabu na za pembeni. Miaka michache baadaye safari za asubuhi na jioni zikawa ndefu tena. Barabara ikipanuka, watu wanajenga mbali zaidi na magari yanaongezeka. Huku nako viwanja vinauzwa kuelekea Songwe kila siku.

Mama Sare (Mbalizi)
Mzee, nimekuelewa, na la stesheni kuwa Iyunga sikulipa uzito. Basi nadai mzigo urudi relini kwanza. Ila bado siwaachi wakulima wa Inyala, kule mbele ya Uyole. Wale wana mboga za kuwahi asubuhi, na reli inapita kwao. Hata behewa moja likifungwa kwenye treni iliyopo halitawafaa?

Mstaafu wa Reli
Litawafaa, mradi saa zake zisivunjwe. Na mkiandika, msiishie halmashauri. TAZARA ni mali ya serikali mbili, yetu na ya Zambia, kwa hiyo barua ipite kwa mbunge ifike Wizara ya Uchukuzi. Ombeni mizigo kwanza, behewa la Inyala liwe ombi la pili. Rasimu nitakusaidia kuiandika.

Mama Sare (Mbalizi)
Asante sana baba. Dereva, lete orodha ya vituo mnavyovihitaji kati ya Mbalizi na Mafiati, tuviweke humo humo kabla zege halijamwagwa.