Naomba ushauri: mama anamficha daktari dawa za miti shamba
Habari zenu ndugu zangu. Niko Tanga, namuuguza mama, ana kisukari mwaka wa saba sasa. Anameza vidonge vyake, na juu yake anakunywa mwarobaini. Mwezi uliopita alimwambia daktari ukweli, akafokewa mbele ya wagonjwa wengine: "Chagua, mimi au mganga!" Alitoka pale analia. Tangu hapo akienda kliniki hasemi kitu.

Juzi alfajiri nimemkuta anatetemeka, kanga imelowa jasho chapachapa. Sukari ilikuwa imeshuka. Nikamnywesha chai yenye sukari nyingi, akapata nafuu. Chini ya kitanda nikaona chupa ya maji ya kijani, imebaki robo. Mwarobaini nao unaweza kushusha sukari, ukichanganya na vidonge ni hatari. Hilo ndilo alilopaswa kuelezwa, tena kwa upole. Tiba asili haijakatazwa nchini, ina sheria yake tangu 2002 na baraza lake.

Wauguzi na madaktari, nimwendee vipi daktari yule bila kugombana? Au nihamishe kliniki? Na mama nimwanzeje, maana anaona nataka kumnyang'anya dawa aliyoachiwa na bibi yake?